Dhahabu Chini ya Lami

JUMATATU, JIONI

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka oili na mpira wa matairi. Mlango ulikuwa umekomewa. Feni ilizunguka juu bila kuleta hewa. Meza yao ilikuwa boneti ya gari iliyolazwa juu ya madumu mawili, na juu ya boneti hiyo Shemeji alikuwa anachora kwa chaki.

"Huu ni ukuta. Kiwanda cha nguo kilichokufa. Upande wa pili mabloki ya zege. Katikati inapita gari moja tu. Likishaingia, milango ya mbele haifunguki. Itagonga ukuta huku, itagonga zege huku."

Wote walimwita Shemeji, ingawa shemeji yake wa kweli mle ndani alikuwa mmoja tu: Bendera, kaka wa mkewe. Wengine walilisikia jina likiitwa, wakalidaka, likamganda.

"Gari la dhahabu linatoka mtamboni kila Alhamisi asubuhi, linakwenda uwanja wa ndege. Linakwepa foleni kwa njia hii ya maghala. Watu watatu. Wawili mbele, mmoja nyuma na mzigo."

"Na bunduki," alisema Tofali.

"Ya yule wa nyuma. Ndiyo maana upo."

Tofali akacheka. Alikuwa mtu wa miraba minne, aliyelinda mlango wa baa mpaka baa yenyewe ikafungwa. Alicheka kwa kila kitu. Aliwahi kutolewa msibani kwa sababu ya kicheko, na marehemu alikuwa mjomba wake.

Wa nne alikuwa mwanamke, Bisibisi. Alikaa juu ya tairi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri zamu kwa daktari wa meno. Dili zima lilikuwa mikononi mwake, kwa sababu ndiye aliyekuwa anachunga kobe.

Mji mzima uliwajua kobe. Mashine za manjano, kubwa kama gari dogo, zisizo na dereva, zikizurura barabarani kutafuta nyufa na mashimo. Zilitembea tatu tatu. Wa mbele, mafundi walimwita Meno: alikuwa na msumeno wa kukatia lami. Wa pili Sufuria: alibeba lami ya moto tumboni. Wa tatu Pasi: alikuwa na gurudumu la chuma la kushindilia. Walijiwekea koni wenyewe, wakafunga njia wenyewe, wakaziba shimo, wakaondoka. Mwanzoni watu walipiga picha. Siku hizi ukikuta kobe mbele yako unasonya, unasubiri, unapita. Hakuna anayemuuliza kobe kibali.

"Pasi anaziba mbele," Shemeji aliendelea. "Meno anakuja nyuma. Tunatumia msumeno wake kukata mlango. Tunatoa mzigo. Halafu hatuondoki nao."

Tofali aliacha kucheka. "Yaani tunaiba halafu tunaacha?"

"Tunazika. Kobe watakuwa wamechimba shimo tangu asubuhi, nyuma kidogo. Mzigo unaingia humo, Sufuria anamwaga lami, Pasi anapita juu. Askari watafunga mji. Watapekua kila buti la gari. Watakuta hewa. Na wao wenyewe watakuwa wamesimama juu yake kwa buti zao."

"Ikishapoa?"

"Bisibisi anamtuma kobe afukue. Kobe anafukua barabara kila siku. Nani atashangaa?"

Tofali alipiga boneti kwa furaha. Chaki ikaruka.

"Kuna jambo moja," alisema Bisibisi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kobe ana jicho la joto. Akihisi mtu hai kwenye eneo la kazi, hamwagi. Anasimama mpaka mtu atoke. Kwa hiyo mkishaweka mzigo, tokeni."

"Jicho hilo halizimiki?" Shemeji aliuliza.

"Linazimika. Kutoka kwenye kiti changu tu. Lakini sitaki."

"Mimi nimeuliza tu."

Bendera alikuwa anaitazama chaki. Umri wake ulikaribia hamsini. Nusu ya umri huo aliitumia barabarani ameshika bendera nyekundu, magari yakisimama na kwenda kwa mkono wake, wenzake nyuma wakiziba mashimo kwa sepetu. Halafu mkewe akafa. Alizika Jumapili, Jumatatu akarudi kazini. Haukupita muda kobe wakaletwa, na genge lao lote likapewa mkono wa kwaheri. Wenzake waliandamana. Yeye alihamia chumba cha uani kwa dada yake, akalala. Tangu hapo mambo yalimpitia kama redio ya jirani: anaisikia, si yake.

"Na wewe, kaka, unasimama tu," Shemeji alimwambia. "Koti la kung'aa, bendera mkononi. Mtu akikuona pale na kobe anajua kazi ni halali. Una sura ya barabara."

"Sawa."

"Huulizi hata swali?" Tofali alimkodolea macho.

"Hapana."

"Bendera hufuata upepo," Tofali alisema, akacheka peke yake.

ALHAMISI, ASUBUHI

Dada yake Bendera alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na asubuhi hiyo alikuwa anabadilisha zipu ya lile koti la kung'aa kwa sababu ya zamani ilikuwa imeng'oka meno.

"Kibarua cha siku ngapi?"

"Leo tu."

"Si haba. Mungu ambariki mume wangu, amekukumbuka." Alikata uzi kwa meno, akamvalisha kaka yake, akapandisha zipu mpaka kidevuni kama anamvalisha mtoto wa shule. "Umekonda, kaka. Shingo imekuwa ya kuku."

Bendera alisema sawa.

Shemeji alikuwa mlangoni tayari, anafunga kamba za viatu. Alimbusu mkewe kwenye paji la uso. Alimwambia asimsubiri na chakula cha mchana. Kila kitu alikisema kwa sauti ileile aliyotumia gerejini.

Waliondoka kwa pikapu yenye taa ya manjano. Tofali alikuwa nyuma, amejilaza chini ya turubai. Walimsikia akipiga mluzi.

ALHAMISI, MZIGO HAUJAFIKA

Barabara ya maghala ilikuwa tupu kama walivyoambiwa. Ukuta mrefu wa kiwanda, rangi imebanduka. Mabloki ya zege upande wa pili, yaliyowekwa miaka hiyo na mtu ambaye hakuna aliyemkumbuka. Kobe watatu walikuwa kazini. Meno alishakata lami mraba mzuri na kuchimba. Shimo lilimfika mtu kiunoni. Sauti ya mwanamke ilitoka kwenye spika yake, ya upole, ileile kila wakati:

"Tafadhali kaa mbali na eneo la kazi. Asante kwa uvumilivu wako."

Bendera alisimama mahali pake. Mkono ulijua wenyewe jinsi ya kushika mti wa bendera. Lori la mbao lilikuja, akaligeuza. Baiskeli ikaja, akaigeuza. Mwendesha baiskeli alimsalimia na kumpa pole na kazi. Bendera akapokea.

"Linakuja," sauti ya Bisibisi ilisema sikioni. Wote walikuwa na simu zimeunganishwa, vifaa vidogo masikioni. Yeye alikuwa mbali, kwenye chumba cha kuongozea kobe, mbele ya skrini yenye ramani na nukta.

Gari lilikuwa la kijivu, fupi, pana, madirisha membamba. Dereva alimwona Bendera, akaona koni, akaona bendera inamwelekeza kushoto. Alifuata. Watu wote hufuata. Gari likaingia katikati ya ukuta na zege, likakuta Pasi mbele, likasimama. Meno akageuka polepole nyuma yake, akajibana, njia ikafungwa.

Dereva alipiga honi. Akapiga tena.

Kisha msumeno ukawaka.

Mgongoni mwa kila kobe kuna namba ya simu ya malalamiko. Dereva aliisoma kwenye mgongo wa Pasi, akapiga. Simu iliita kwenye meza ya Bisibisi. Aliipokea huku wenzake wanasikia.

"Haloo! Mashine yenu imetuziba! Na nyingine iko nyuma inatukata! Inakata gari!"

"Pole sana, kaka. Ni hitilafu. Tunaizima sasa hivi."

"Izimeni!"

"Ndiyo tunaizima. Msishuke, tafadhali, msumeno hauchagui. Na mwenzenu aliye nyuma asogee mbali na mlango."

"Hivi nyinyi mnafanya kazi gani huko?"

"Samahani sana. Asante kwa uvumilivu wako."

Tofali alikuwa ameinama nyuma ya Meno, ngumi mdomoni, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Shemeji alimpiga kofi la kisogo. Cheche zilimwagika kwenye lami. Bawaba ya kwanza ikaachia. Ya pili. Bisibisi akamrudisha Meno hatua mbili, na mlango ukaanguka kama sinia.

Tofali aliingia wa kwanza. Ndiyo kazi yake.

Bunduki ililia mara moja. Ndani ya kile chumba cha chuma mlio haukutoka wote; ulibaki ukizunguka. Kisha zikasikika ngumi, kiti kikivunjika, mtu akiguna. Shemeji alipoingia, mlinzi alikuwa chini kifudifudi, na Tofali amemkalia mgongoni na bunduki yake mkononi. Bado alikuwa anacheka.

"Mpuuzi huyu," Tofali alisema. "Karibu anipige."

Akatazama chini. Suruali yake ilikuwa nyeusi kutoka pajani mpaka kwenye kiatu.

ALHAMISI, MZIGO UNASHUKA

Walimfunga mlinzi mikono na macho. Shemeji alisogeza visanduku mpaka mlangoni, Bendera akabeba. Visanduku vilikuwa vidogo kama vya viatu vya mtoto, lakini mkono uliinuka nusu tu na mgongo ukalia. Bendera alikwenda na kurudi. Hakuhesabu. Alivipanga shimoni vizuri, ubavu kwa ubavu, kwa sababu kitu kikikaa ovyo lami inatitia.

Mbele, dereva na mwenzake walikuwa wanapiga kelele. Hawakuwa wanapigia tena namba ya malalamiko.

"Watakuwa wamewapigia polisi," alisema Bisibisi. "Harakisheni."

Tofali alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye gurudumu la Meno. Alijifunga mkanda pajani juu ya jeraha, lakini damu ilikuwa inatafuta njia nyingine. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Msaidie tumshushe shimoni," Shemeji alimwambia Bendera. "Asionekane."

Bendera alishika miguu. Shemeji akashika makwapa. Walimshusha, wakamlaza juu ya visanduku.

"Mnanificha?" Tofali aliuliza.

"Tunakuficha," Shemeji alisema.

"Pagumu hapa. Kumbe dhahabu haina raha."

Shemeji alipanda juu, akajifuta mikono kwenye suruali. "Bisibisi. Mlete Sufuria."

Bendera alibaki ukingoni. Alielewa. Alielewa kama mtu anavyosoma tangazo ukutani, neno baada ya neno, na hakuna kilichosogea ndani yake. Mtu mwenye risasi mguuni hapelekwi hospitali bila askari kuitwa. Na akiitwa askari, mgonjwa ataimba. Hesabu ilikuwa nyepesi. Shemeji aliifanya huku anasogeza visanduku.

Sufuria alikuja. Joto lake lilitangulia. Alinuka lami mbichi, harufu aliyoijua Bendera kuliko harufu ya nyumba yoyote aliyowahi kuishi. Mfereji wake ulitoka, ukasogea juu ya shimo, ukasimama. Taa ya njano ikageuka nyekundu.

"Tafadhali ondoka kwenye eneo la kazi," ilisema ile sauti ya upole. "Tafadhali ondoka kwenye eneo la kazi."

"Niondoke niende wapi, mama?" Tofali alijibu. Alijaribu kucheka. Macho yake yakageuka, yakafumba.

"Kobe anasema kuna mtu," Bisibisi alisema sikioni.

"Tofali amekufa," alisema Shemeji. "Risasi imekata mshipa. Hatuwezi kumwacha hapa na hatuwezi kumbeba. Zima jicho."

"Lakini kobe anasema yupo."

"Ni mwili. Haujapoa bado. Zima."

"Shemeji..."

"Polisi wako njiani, Bisibisi. Unataka wakute shimo wazi? Zima jicho, mwaga, tuondoke. Tutamlilia baadaye."

Ilisikika pumzi ya Bisibisi, na nyuma yake sauti za ofisi: mtu anachekea jambo, kiti kinaburutwa.

"Kaka Bendera," alisema. "Mimi hapa naona nukta nyekundu tu. Wewe uko hapo. Amekufa, au hajafa?"

Shemeji alimtazama Bendera. Hakuwa amekasirika. Alimtazama kama anavyomtazama mezani kila jioni, akimpitishia chumvi. Alitikisa kichwa kidogo: sema.

Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Bendera alikuwa ameshasema sawa kwa kila kitu. Alisema sawa alipoambiwa mkewe hatapona, akasema sawa alipoambiwa arudishe koti la kazi. Ingekuwa sawa moja zaidi.

Alitazama shimoni. Shingoni mwa Tofali, chini ya taya, ngozi ilikuwa inapanda na kushuka. Kidogo sana. Kama kitu kinachogonga kutoka ndani bila kutaka kusumbua.

"Yu hai," alisema Bendera.

"Kaka," alisema Shemeji.

"Yu hai, Bisibisi. Usizime."

Shemeji alitoa bastola kiunoni. Hakuielekeza popote kwanza. Aliishika tu, ikiangalia lami.

"Unajua unafanya nini? Huyu akifika hospitali ataimba. Ataimba jina langu, lako, la yule dada pale ofisini. Tutaozea ndani sote. Dada yako atabaki na nani?"

Bendera aliiweka bendera chini, akakaa ukingoni, akajishusha shimoni. Visanduku vilikuwa vigumu kweli chini ya nyayo. Alikaa, akakiinua kichwa cha Tofali, akakiweka pajani. Mfereji wa Sufuria ulikuwa juu yao wote wawili. Tone moja la lami lilidondoka, likamtua begani, likapenya koti. Aliliona likipenya. Alisikia harufu ya kitambaa kinachoungua, na ngozi. Maumivu yalikuja baadaye, polepole, kama mtu aliyepotea njia akafika.

"Tafadhali ondoka kwenye eneo la kazi. Tafadhali ondoka kwenye eneo la kazi."

"Toka humo," Shemeji alisema. Sasa bastola ilikuwa imeelekezwa.

"Piga."

"Usinilazimishe."

"Sikulazimishi. Ukipiga, tutakuwa wawili wa moto. Utasubiri tupoe."

King'ora kilisikika, mbali, upande wa barabara kuu. Uso wa Shemeji haukubadilika. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu ilikuwa imeisha. Alirudisha bastola kiunoni, akatembea mpaka kwenye pikapu. Hakukimbia. Aliwasha indiketa alipokata kona.

Bendera alimpiga Tofali makofi mpaka akafumbua macho. Alimsukuma juu, akapanda, akambeba mgongoni. Uzito wa mtu ulikuwa tofauti na ule wa visanduku. Huu ulimshika shingo. Alikwenda hatua chache, akasimama, akageuka.

"Bisibisi."

"Nakusikia, kaka." Alikuwa analia.

"Ziba. Shimo haliachwi wazi."

Nyuma yake lami ilianza kumwagika, nzito, bila kelele. Pasi alirudi nyuma kutoka mbele ya gari, akazunguka mabloki, akaja kushindilia. Walinzi walipofanikiwa kusogeza gari na kutoka, walikuta barabara imezibwa vizuri, na kobe watatu wanakusanya koni zao.

ALHAMISI, BAADAYE

Alipitia kichochoro cha nyuma ya kiwanda, akatokea kwenye barabara kuu, akasimamisha pikipiki ya abiria. Dereva aliona damu, akataka kuondoka. Bendera aliinua mkono kama alivyouinua miaka yote kwa malori. Pikipiki ikasimama. Wakamweka Tofali katikati.

Hospitali, muuguzi aliuliza: "Wewe ni nani wake?"

"Ndugu."

"Amepigwa risasi huyu. Lazima tutoe taarifa."

"Toeni."

Alisubiri mpaka kitanda kilipopita milango miwili na milango ikajifunga. Kisha akarudi nyumbani kwa miguu.

Shemeji alikuwa sebuleni, ameoga, amevaa malapa. Dada yake alikuwa ameandaa chakula cha jioni. Aliliona bega la kaka yake, akapiga kelele, akaleta maji na kitambaa safi.

"Lami," Bendera alisema. "Ajali ya kazini."

"Na mume wangu anasema kazi ilikwenda vizuri!"

Walikula watatu. Dada alisimulia habari ya mteja aliyeleta kitambaa cha suti akataka itoke na gauni la mkewe. Shemeji alicheka mahali pa kucheka. Dada alipokwenda jikoni kuleta maji, Shemeji aliinama mbele.

"Umempeleka?"

"Nimempeleka."

"Ataimba."

"Huenda."

"Umetumaliza, kaka. Kwa ajili ya bawabu mmoja wa baa."

"Mnanong'ona nini nyinyi?" Dada aliuliza kutoka jikoni.

"Kazi," walisema wote wawili.

Usiku huo hakuna aliyekimbia. Shemeji alikuwa na imani kwamba Tofali angefia mezani kwa daktari, na mtu anayekimbia hujitangaza. Bendera hakuwa na pa kwenda. Jumapili asubuhi mlango uligongwa, ukagongwa tena, ukavunjwa.

MAHAKAMANI

Tofali aliimba yote. Aliimba gereji, boneti na chaki. Aliimba namba ya malalamiko. Aliwaonyesha askari mahali penyewe, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, na kampuni ikatuma kobe wengine wafukue mbele ya wapiga picha. Dhahabu ilikutwa imepangwa ubavu kwa ubavu. Aliahidiwa kifungo chepesi, akasaini.

Kwenye kizimba walisimama watatu. Bisibisi, aliyekonda, alitazama sakafu. Shemeji na Bendera walivaa mashati mapya. Dada aliyashona na kuyaleta gerezani, yote mawili kutoka kitambaa kimoja. Alikaa benchi la nyuma, mikono mapajani, na hakuna aliyejua amekuja kwa ajili ya nani. Labda hata yeye.

Tofali aliingia na magongo. Mguu wa suruali ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini juu ya goti. Alisimulia kwa sauti ya chini, bila kucheka hata mara moja. Mwendesha mashtaka alimwomba awaonyeshe waliokuwepo. Alinyoosha kidole kwa Shemeji, kisha kwa Bisibisi. Kisha kidole kikabaki hewani.

"Na wa tatu?" mwendesha mashtaka aliuliza.

"Na huyu," alisema Tofali. "Alishika bendera. Alibeba mzigo."

"Sema na mengine," Bisibisi alisema ghafla kutoka kizimbani. "Sema nani alikutoa."

Hakimu alimnyamazisha. Shahidi angejibu alichoulizwa.

"Nilikwambia ataimba," Shemeji alinong'ona, midomo haichezi.

"Ulisema."

"Ungesema neno moja tu siku ile, leo sote tungekuwa nyumbani."

Bendera alimtazama. Ilikuwa kweli. Alilitafuta ndani yake jambo la kujibu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuta kuna kitu mle, ingawa hakikuwa na maneno.

Mawakili walimaliza. Bendera hakuwa na wakili. Hakimu alimgeukia, kalamu mkononi.

"Mshtakiwa wa tatu. Una swali lolote kwa shahidi?"

"Ninalo moja, mheshimiwa."

"Uliza."

Shemeji aliinua kichwa. Tofali alishika magongo yake kama mtu anayesubiri kofi.

"Mguu bado unauma?" aliuliza Bendera.

Mwendesha mashtaka alisimama kupinga. Hakimu aliinua mkono, lakini alichelewa, kwa sababu Tofali alikuwa ameshaanza kujibu. Uso wake mkubwa ulikuwa umekunjamana kama karatasi.

"Unauma, kaka," alisema. "Usiku hasa. Unauma kwenye kidole gumba, pale ambapo haupo. Naamka naupapasa."

"Pole."

"Wanasema nitazoea."

"Usizoee," alisema Bendera.

Hakimu aliamuru maneno hayo yafutwe kwenye kumbukumbu. Karani akayafuta. Askari akamgusa Bendera bega lile lenye kovu la lami, akimwashiria akae, na Bendera akashtuka kwa maumivu, akakaa.